Gỏi cuốn: rolo ya Vietnam isiyogusa mafuta

Chukua manda moja ya mchele kutoka Vietnam, uiinue kuelekea dirishani. Ni nyembamba kiasi kwamba vidole vyako vinaonekana upande wa pili. Ni kavu, na ukijaribu kuikunja inavunjika. Usoni imechapwa mistari midogo inayopishana, alama ya chanja la mianzi ilipoanikwa juani. Ipitishe kwenye maji sekunde mbili tatu, na kabla dakika haijaisha itakuwa laini, inanata, inavutika, tayari kufungia kamba wa kuchemsha, tambi na fungu la majani mabichi. Kuanzia hapo jiko halina kazi tena.

Chakula chenyewe kinaitwa gỏi cuốn. Wengi wetu rolo za Asia tunazijua kwa zile za kukaanga, zinazopangwa sinia moja na sambusa na kababu kwenye shughuli. Wavietnam nao wanazo za kukaanga. Watu wa kusini huziita chả giò, wa kaskazini nem rán. Gỏi cuốn ni nyingine kabisa. Kilichomo ndani kimechemshwa au ni kibichi, kinaviringishwa, kinachovywa kwenye sosi na kuliwa papo hapo. Kwao ni kusini mwa nchi: Sài Gòn, jiji ambalo tangu 1976 jina lake rasmi ni Ho Chi Minh, na mikoa ya delta ya Mto Mekong, ambako mpunga, samaki na majani ya kula vinapatikana mwaka mzima. Huko huuzwa kando ya barabara kwenye makabati ya vioo, na mtu hununua mbili tatu akiwa njiani kwenda zake.

Nje ya Vietnam chakula hiki kimesafiri na watu. Vita vya Vietnam vilipomalizika Aprili 1975, mamia ya maelfu ya Wavietnam waliihama nchi, wengi wakafikia Marekani, Ufaransa, Australia na Canada, na migahawa yao ndiyo iliyowazoesha wenyeji wa huko rolo isiyokaangwa. Lakini ilivyozidi kusafiri ndivyo majani yalivyozidi kupungua. Nyingi ya zile zinazouzwa kwenye viboksi vya plastiki huko Ulaya ni tambi tupu zilizofungwa, na kamba wawili wamewekwa juu ili waonekane. Aliyezila hizo akasema chakula hiki hakina ladha hajakosea. Gỏi cuốn nzuri ni rahisi kuipata nyumbani kuliko dukani, ilimradi mpishi akubali jambo moja: majani ndiyo mlo, na vingine vyote vinayasindikiza.

Tuanze na manda, ambayo Kivietnam ni bánh tráng. Mchele hulowekwa, kisha husagwa pamoja na maji mpaka uwe uji mwepesi. Mdomo wa sufuria pana ya maji yanayochemka huwambwa kitambaa. Fundi humwaga upawa mmoja wa uji juu yake, akausambaza kwa kitako cha upawa hadi ukawa duara, akafunika. Muda mfupi tu unatosha. Huunyanyua kwa kijiti cha mwanzi na kuulaza kwenye chanja, na chanja likijaa hupelekwa juani. Katika vijiji vya kusini vinavyoishi kwa kazi hii, kama Phú Hòa Đông huko Củ Chi, siku ya jua kali utakuta machanja yamejaa uwanja mzima. Watu wa Trảng Bàng, mkoani Tây Ninh, wana namna yao: manda huokwa kidogo kwenye makaa, kisha huachwa nje usiku inywe umande, na hiyo huliwa bila kulowekwa.

Wavietnam hupenda kusimulia kwamba manda hizi ndizo zilizowalisha askari wa Nguyễn Huệ, yaani mfalme Quang Trung, walipokwenda mbio kutoka katikati ya nchi hadi Thăng Long, Hanoi ya leo, na kuyatimua majeshi ya Qing ya China siku za Tết, mwaka mpya wa Kivietnam, mnamo 1789. Vita hivyo ni historia. Habari ya manda ni masimulizi, ingawa mtu unaelewa kwa nini yameshika: ni chakula kikavu, chepesi, kisichohitaji kuni.

Dukani tafuta ya duara, yenye upana wa sentimita 22 hivi. Maduka ya vyakula vya Asia katika miji mikubwa huwa nayo, na baadhi ya supamaketi pia. Soma viungo nyuma ya pakiti. Utakuta mchele, maji, chumvi, na mara nyingi wanga wa muhogo. Muhogo ukizidi, manda inavutika na kung'aa. Mchele ukizidi, ladha inakuwa bora lakini inachanika upesi. Anayeanza achukue yenye muhogo.

Sasa majani. Kwenye meza ya Vietnam ya kusini, sinia la majani hulipita sinia la nyama kwa ukubwa. Kuna saladi, kuna rehani, nanaa na kotimiri, ambayo wengine tunaiita giligilani au dania. Kuna tía tô, jani ambalo mgongo wake ni wa zambarau. Kuna rau răm, lenye ukali wa pilipili. Na hẹ, jani refu jembamba la ukoo wa kitunguu saumu. Hayo matatu ya mwisho huku ni ya kutafutwa kwa tochi, lakini manne ya kwanza yako sokoni. Habari ya rehani inanichekesha kila mara. Watu wa Pwani tunapanda mrehani uani, tunauchanganya na asumini kwenye kikuba, chumba kizima kinanukia, na ni nadra kuutia mdomoni. Wao wanaula kila siku. Ni mmea uleule, tofauti ni aina tu: wa kwao una shina la zambarau na harufu inayokaribia shamari. Wa uani kwako unafaa, na mimi nauona una harufu ya kutosha kabisa.

Kila rolo iwe na jani zima la saladi, majani matano sita ya nanaa, manne ya rehani na vijiti viwili vya kotimiri. Ukiona ni mengi mno, umepatia.

Na kwa kuwa hayapiti motoni, usafi wake uko mikononi mwako. Yatenganishe jani kwa jani, uyaoshe kwenye maji yanayotiririka. Ikiwa maji ya bomba la mtaani kwako huyaamini kuyanywa, usiyaamini kwa majani haya pia. Tumia yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya maji kwa kipimo chake. Siki na chumvi havichukui nafasi ya maji salama. Kisha yakaushe kabisa kwa kitambaa safi, maana jani lenye maji huilegeza manda kutokea ndani.

Rolo ya kawaida ya Sài Gòn ina kamba na nguruwe, ile sehemu ya tumbo ambayo nyama na mafuta vimepangana tabaka kwa tabaka, ikachemshwa kwa chumvi na kitunguu, ikaachwa ipoe kabla ya kukatwa vipande vyembamba. Asiyekula nguruwe asione kwamba chakula hiki si chake. Vietnam kwenyewe kuna Waislamu, wakiwamo Wacham wa An Giang, karibu na mpaka wa Cambodia. Kuna pia Wabudha wengi ambao siku ya 1 na ya 15 ya mwezi mwandamo hawagusi nyama. Hao hutia tofu na uyoga, na rolo inaitwa gỏi cuốn chay. Kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa kwa vidole anafaa. Samaki wa kuchoma anafaa zaidi.

Kamba nao wana namna yao. Chagua wa ukubwa wa wastani, uwatie kwenye maji yanayochemka yenye chumvi. Wakijikunja na kuiva rangi, dakika mbili hivi, watoe uwatumbukize kwenye maji ya baridi. Wamenye, kisha wapasue katikati kwa urefu na kuutoa ule mshipa mweusi wa mgongoni. Kupasua si ubahili. Kamba mzima ana nundu, na nundu ndiyo inayotoboa manda.

Tambi zinazotakiwa ni zile nyembamba za mchele, si za ngano tunazopika kwa sukari siku ya Idi. Gramu 150 za tambi kavu zinatosha rolo 12. Zichemshe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, zisuuze kwa maji ya baridi mpaka utelezi uishe, uziache kwenye chujio nusu saa zijichuje vizuri.

Kazi yenyewe ya kuviringisha inataka matayarisho kuliko ustadi. Panga kila kitu mezani kwa mfuatano utakaokitumia, kwa sababu manda ikishalowa haikusubiri ukatafute tango. Weka sinia pana lenye maji ya uvuguvugu, na pembeni yake ubao uliolowanishwa kidogo. Wanaoshindwa hushindwa hapa mwanzoni: wanailoweka manda mpaka ilainike majini. Ikishafika huko imekwisha, itajikunja yenyewe na kung'ang'ania vidole. Izungushe majini mara moja, kila sehemu iguse maji, uitoe ikiwa bado ngumu na uilaze ubaoni. Itaendelea kulainika unapopanga vitu juu yake. Maji ya moto sana nayo ni adui. Kingo zinageuka ute katikati kukiwa bado kugumu.

Theluthi ya chini ya duara, ile iliyo karibu na tumbo lako, weka jani la saladi ulilolivunja uti ili lisiinuke. Ndani ya jani tia tambi, kiasi cha kujaa kiganja cha mtoto, usizidishe. Juu yake panga nanaa, rehani, kotimiri na vijiti vyembamba vya tango. Saladi inakuwa mfuko wa ndani, hivyo ncha za tambi na tango hazikwaruzi manda. Theluthi ya juu laza vipande vitatu vya kamba kwa mstari, mgongo wenye rangi ukiangalia ubao. Katikati acha wazi.

Sasa inua ukingo wa chini kwa vidole gumba, ulifunike lile rundo huku vidole vingine vikilikusanya ndani, uviringishe mzunguko mmoja. Kukaza kwake ni kama kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga: ukilegeza anateleza, ukikaza mno analia. Kunja pande mbili ziingie ndani. Hapo ndipo Wavietnam hulaza jani la hẹ, mkia wake ukitokeza nje sentimita chache. Jani jembamba la kitunguu kibichi linafanya kazi hiyohiyo. Endelea kuviringisha juu ya kamba hadi mwisho wa duara. Manda inajigandisha yenyewe, haitaki uji wa ngano wa kuziba kingo. Igeuze, na wale kamba wataonekana kupitia manda, wamejipanga, rangi juu.

Ya kwanza na ya pili zitatoka mbaya. Mpishi ana haki ya kuzila kabla wageni hawajafika.

Kuhusu sosi kuna kambi mbili. Sài Gòn hupenda nzito, yenye soya na karanga. Kaanga kitunguu saumu kilichopondwa katika kijiko kimoja cha mafuta, tia vijiko vinne vya hoisin, vijiko viwili vya siagi ya karanga na nusu kikombe cha maji, ukoroge kwenye moto mdogo hadi ishike kijiko. Juu yake nyunyiza karanga zilizopondwa na pilipili. Hoisin ni sosi ya Wachina wa kusini. Wapishi wa Kivietnam wanaoshika ya zamani hutumia tương hột, maharage ya soya yaliyochachushwa kwa chumvi. Siagi ya karanga iwe ya kusagwa tu, isiyotiwa sukari, kwa sababu hoisin ina sukari ya kutosha.

Kambi ya pili ni nước chấm, sosi nyepesi: kijiko kimoja cha nước mắm, kimoja cha sukari, kimoja cha maji ya ndimu, vitatu au vinne vya maji ya uvuguvugu, kisha kitunguu saumu na pilipili iliyokatwa ndogondogo. Nước mắm ni maji yanayochuruzika kutoka kwa dagaa wa baharini waliotiwa chumvi, kwa kawaida sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi, wakaachwa kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka mzima au zaidi. Inayosifiwa kuliko zote hutoka kisiwa cha Phú Quốc, na tangu 2012 jina hilo linalindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya: nyingine yoyote hairuhusiwi kulitumia. Kwenye chupa utaona namba yenye herufi N, mfano 40°N. Hicho ni kipimo cha nitrojeni, gramu kwa lita, na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo samaki walivyo wengi kuliko maji. Viungo viwe viwili tu, samaki na chumvi.

Ikiwa chupani inanuka, sitaficha. Asiyeizoea anaweza kuifunga tena na kuiweka mbali. Ikishakutana na ndimu na sukari, harufu inatulia na kubaki ladha ya kina ambayo soya sosi haiifikii. Dagaa wa ukoo huohuo wanavuliwa kwa wingi Zanzibar, wanachemshwa kwenye maji ya chumvi, wanaanikwa na kusafirishwa hadi Kongo. Sisi tumewapeleka juani, wenzetu wakawapeleka mapipani. Hakuna kinachomzuia mtu wa Pwani kujaribu pipa moja.

Mimi rolo ya kamba naila na sosi ya karanga, ya samaki naila na nước chấm, na sioni haja ya kugombana.

Kuna jambo ambalo rolo zilizopangwa tayari kwenye sahani hulificha. Majumbani huko Vietnam mara nyingi mwenyeji haviringishi chochote. Anaweka manda, bakuli la maji, sinia la majani, tambi, nyama na sosi, kila mtu anajifungia yake. Kwenye delta ya Mekong kuna mlo maarufu wa cá lóc nướng trui: samaki wa mtoni huchomwa mzima kwa mabua makavu ya mpunga mpaka ngozi iwe mkaa, inapanguswa, na nyama nyeupe ya ndani inachambuliwa mezani na kuviringishwa na majani. Nha Trang wanaviringisha nyama ya kusaga iliyochomwa, nem nướng. Wengine huviringisha hata vipande vya bánh xèo, chapati ya unga wa mchele yenye manjano, ikiwa bado moto. Mpango huu ndio ninaoupendekeza kwa mlo wa Jumapili hapa kwetu. Unaondoa mzigo kwa mpishi, watoto wanashughulika, na asiyekula kamba anawaruka bila maelezo. Jiandae tu: mgeni ambaye hajawahi kuona atatazama sinia na kuuliza chakula kiko wapi.

Manda zikikosekana, usikate tamaa. Hanoi, kwenye mtaa wa Ngũ Xã kando ya ziwa Trúc Bạch, wanajulikana kwa phở cuốn, rolo ya nyama ya ng'ombe na majani iliyofungwa kwenye manda mbichi ambayo haikuanikwa kabisa. Manda kama hiyo unaweza kuipika. Changanya gramu 200 za unga wa mchele na 100 za wanga wa muhogo, mililita 750 za maji, chumvi kidogo na kijiko cha mafuta. Acha nusu saa. Chukua kikaango kisichogandisha, kipake mafuta kwa kitambaa, koroga uji kila mara kwa sababu unga huzama chini, mwaga upawa mdogo, zungusha, funika dakika moja. Ukiona umeumuka katikati, pindua kikaango juu ya sinia lililopakwa mafuta. Ni nzito kuliko ile ya kununua na haionyeshi kilichomo, lakini ni laini na ina ladha halisi ya mchele. Zikipoa, jaza nyama ya ng'ombe iliyokaangwa haraka na kitunguu saumu.

Baadaye usizipange rolo zikigusana, zitagandana na kuchanana. Zitenganishe kwa majani ya saladi na uzifunike kwa kitambaa kibichi. Zina saa moja au mbili za uhai mzuri. Jokofuni wanga wa mchele unarudi kuwa mgumu, na rolo ya jana inatafunika vibaya hata ukiifunga namna gani. Kwa hiyo viringisha zinazoliwa leo tu. Manda kavu zilizobaki zifunge vizuri zisipate unyevu, zitakaa miezi. Tambi, majani na kamba vilivyobaki, ikiwa vimekaa jokofuni na si mezani, vitie vyote kwenye bakuli kesho yake mchana, mwagia nước chấm, nyunyiza karanga na uchanganye. Wavietnam huita bún trộn, na wako wanaoipenda kuliko rolo yenyewe.